Mita mia mbili kutoka kwenye mti usiokuwepo

Wazee wangu, shikamooni. Vijana, hamjambo.

Nimepewa dakika arobaini nizungumze na ninyi mnaokwenda Costa Rica. Wengine mnakwenda kusoma kilimo Chuo Kikuu cha EARTH kule Guácimo, wengine mnakwenda Chuo Kikuu cha Amani cha Umoja wa Mataifa pale Ciudad Colón, na yupo dada amenivuta pembeni mlangoni akaninong'oneza kwamba yeye haendi kusoma, anamfuata mume. Wote mmekaa mahali pake, maana shida za miezi sita ya kwanza hazibagui. Mimi nimekaa kule miaka saba, minne ya masomo na mitatu ya kazi. Sina hotuba iliyoandikwa. Nina daftari, na daftari lenyewe lilinyeshewa Guácimo, kwa hiyo nikirukaruka mnivumilie.

Kwanza tuelewane tunakwenda wapi. Si Puerto Rico. Shangazi yangu mpaka leo anawaambia majirani nilisomea Puerto Rico, nimechoka kumsahihisha. Puerto Rico ni kisiwa kilicho chini ya Marekani. Costa Rica ni nchi inayojitegemea, imekaa kati ya Nicaragua na Panama, bahari huku na huku, Karibi mashariki na Pasifiki magharibi. Ina kilomita za mraba 51,100. Tanzania inabeba Costa Rica kumi na nane na nafasi inabaki. Watu wake ni milioni tano na kidogo. Jeshi hawana: José Figueres alilivunja tarehe 1 Desemba 1948, na katiba ya 1949 ikalizuia lisirudi. Mzazi aliyeniuliza kama kuna vita, jibu lako ndilo hilo. Wezi wapo, nitawafikia.

Sasa mtaa. Chumba changu cha kwanza nje ya chuo kilikuwa San Pedro, mashariki mwa jiji la San José. Mwenye nyumba akanitajia anwani kwenye simu, nikaiandika kama alivyosema: kutoka kwenye higuerón wa zamani mita 200 kusini, mita 50 mashariki, geti jeupe. Higuerón ni mti wa jamii ya mkuyu. Nikafika na begi langu, nikaanza kutafuta mkuyu. Nikamwuliza mzee mmoja, akanyoosha kidole kwenye kona iliyojaa magari. Nikamwambia, mzee wangu, mti siuoni. Akasema, ule wa zamani haupo siku nyingi, lakini ulikuwa hapo.

Nilikasirika, kisha nikajicheka. Sisi tukiwa Dar tunapanda daladala, tunamwambia konda "Mwembechai shusha", na hakuna aliyewahi kudai aonyeshwe mwembe. Kule nchi nzima ni Mwembechai. Katikati ya San José kuna eneo la stendi za mabasi linaitwa La Coca-Cola kwa sababu zamani palikuwa na kiwanda cha soda hiyo. Majina ya mitaa na namba za nyumba utazikuta kwenye baadhi ya vibao, watu hawazitumii. Mita 100 maana yake ni kutoka kona mpaka kona, hata kama ukipima unapata 80. Mita 50 ni nusu ya hapo. Lazima ujue kaskazini iko wapi, na wenyeji wana ujanja wao: makanisa mengi ya zamani yanatazama magharibi, ukisimama mlangoni ukalipa kanisa mgongo, kaskazini iko mkono wako wa kulia. Omba watu wakutumie ramani kwa WhatsApp, sawa, lakini anwani ya maneno iandike pia. Simu itakufia siku ya mvua.

Ukishafika kwenye nyumba, utakuta geti la vyuma na kengele mara nyingi haipo. Usigonge. Simama nje uite "Upe!" Hiyo ni hodi. Sikutii chumvi, ni hodi yenyewe, wanaivuta hivyo hivyo, na mwenyeji anaitika kutoka jikoni bila kujua ni nani. Vijijini ndiyo utaisikia zaidi. Siku ya kwanza jirani alipokuja getini akaita "Upeee", nilikuwa nafua, mikono ina povu, nikaitika "Karibu!" kwa Kiswahili, akaingia. Tukaendelea hivyo miaka miwili.

Adabu yao inafanana na yetu kuliko mnavyofikiri. Kihispania cha kwenye programu za simu kitakufundisha kumwambia mtu "tú". Mtico, yaani mtu wa Costa Rica, hana haja nayo. Ana "usted", neno la heshima, na analitumia kwa bosi, kwa mtoto wake, hata kwa mbwa, na "vos" kwa marafiki. Anzeni na usted kwa kila mtu, hamtakosea. Dukani usiseme "nataka kahawa". Sema "me regala un café", neno kwa neno ni "unanizawadia kahawa", na utalipa kama kawaida. Ni "naomba" yao. Ukishukuru hawajibu "si kitu", wanajibu "con mucho gusto", kwa furaha kabisa. Na kuna "pura vida", ambayo ni salamu, ni jibu la salamu, ni asante na ni kwaheri. Ila Mtico ni mgumu kusema hapana. Akikwambia "ahorita", sasa hivi, inaweza kuwa dakika tano au isiwe kabisa. Msomeni uso.

Kuna jambo litawachoma, afadhali mlisikie kwangu. Watu huitana kwa maumbile: gordo, mnene, macha, mwenye nywele za rangi ya dhahabu, chino, kwa yeyote mwenye macho membamba. Wewe utaitwa negrita. Mama muuza mboga atakuita hivyo kwa upendo na kukuongezea nyanya mbili. Mwingine kwenye basi atakuita vilevile na utajua si upendo. Mimi nilijifunza kutofautisha kwa sauti. Yule mama nilimwitikia. Yule wa kwenye basi nilimwambia jina langu, nikamwomba alitumie.

Haya, karatasi. Hapa naomba simu ziwekwe chini kidogo.

Mdomo utakupeleka popote Costa Rica, isipokuwa dirishani kwa Uhamiaji. Makao yao makuu yako La Uruca, San José, na pale kinachoongea ni karatasi. Cheti cha kuzaliwa, cheti cha polisi cha tabia njema, na cheti cha ndoa kwa anayemfuata mume. Vyote vithibitishwe huku kabla hujapanda ndege. Costa Rica imo kwenye Mkataba wa Apostili tangu 2011; apostili ni muhuri mmoja wa kuthibitisha karatasi, unaokubalika katika nchi zilizomo. Nchi nyingine iliyomo, kama Burundi, au Rwanda tangu 2024, inagonga apostili moja na kazi imekwisha. Nchi isiyokuwemo, karatasi inatembea: wizara ya mambo ya nje ya kwenu, kisha ubalozi wa Costa Rica unaohudumia eneo lenu, na ikifika San José inapita tena wizara ya kwao. Baada ya hapo inatafsiriwa Kihispania na mfasiri anayetambuliwa na serikali yao. Binamu yako aliyekaa Madrid hahesabiki.

Cheti cha polisi kina uhai wa miezi sita. Wengi wanakichukua kwanza kwa sababu ndicho rahisi, wanazunguka na vingine, wakifika dirishani kimeshawafia mkononi. Kichukueni mwisho. Na wewe kaka uliyesema umetoka Muscat juzi: wanaangalia ulikoishi miaka mitatu ya karibuni, kwa hiyo utaulizwa cheti cha Oman. Kukitafuta ukiwa Guácimo ni kazi ya kutia uchungu. Kifuate kabla hujaondoka.

Mimi nilikwama kwa herufi moja. Pasipoti yangu ina "h" katikati ya jina, cheti cha kuzaliwa hakina. Miaka ishirini na tatu hakuna aliyeiona, mimi mwenyewe nikiwa wa kwanza. Mama wa dirishani aliiona kwa sekunde tatu. Nilirudi nyumbani kuapa, kuthibitisha kiapo, kutafsiri kiapo, miezi minne. Kwa hiyo leo usiku tandaza vyeti vyako mezani, usome jina herufi kwa herufi kama mtoto wa darasa la kwanza.

Na bado kuna jina lenyewe. Mtico ana majina mawili ya ukoo, la baba halafu la mama, na kila fomu ina visanduku viwili. Tuseme wewe ni Asha Juma Bakari: lako, la baba, la babu. Ofisa anaona Bakari ni ukoo wa baba, anakuuliza ukoo wa mama. Mwingine anaona Juma ni wa baba na Bakari wa mama. Chuo kinakuandika hivi, benki inakuandika vile, na mwaka wa pili unaambiwa wewe ni watu wawili. Mawakili wao wana maneno maalumu kwa wageni wa aina yetu, yaandikeni: "de un solo apellido en razón de su nacionalidad", mwenye jina moja la ukoo kwa sababu ya uraia wake. Siku ya kwanza fuata mpangilio wa pasipoti, na popote utakapokwenda usikubali mwingine.

Mkimaliza mtapewa kitambulisho cha mgeni, kinaitwa DIMEX. Mpaka kitoke, tunza risiti ya maombi kuliko unavyotunza simu. Wanafunzi, chuo kitawasaidia hatua hizo, lakini kibali cha mwanafunzi si kibali cha kazi, na anayekwambia "njoo ufanye tu, nitakulipa mkononi" hatakuwepo siku ukikamatwa. Dada yangu wa mlangoni: kama mume ni Mtico, ndoa yenu mliyofungia huku lazima kwanza isajiliwe kwao, kwenye Registro Civil, ndipo uombe ukaazi. Kama ni mgeni mwenye ukaazi, unaingia kwa mgongo wake kama mtegemezi. Ulizeni ni lipi kati ya hayo mawili kabla ya kukata tiketi.

Tiketi nayo. Ndege ya moja kwa moja kutoka huku haipo. Ukipitia Marekani, hata kama hutoki nje ya uwanja, unahitaji viza ya kupita. Ndugu zetu wa Kongo, viwanja vya Ulaya ya Schengen navyo vinawadai viza ya kupita. Na kile kitabu cha njano cha chanjo ya homa ya manjano kiwe kwenye mkoba wa mkononi, chanjo iwe imechomwa siku kumi kabla au zaidi. Nimemwona mtu akitoa viza, barua ya chuo na bima, akaulizwa cha njano, na cha njano kiko kwenye begi lililopakiwa tumboni mwa ndege.

Hela sitakaa nazo sana. Wanatumia colón. Miaka ya karibuni dola imekuwa ikizungukia 500, lakini katikati ya 2022 ilikaribia 700 kabla ya kuporomoka, na aliyekuwa akitumiwa dola kutoka nje alilia. Nchi ni ghali, ghali kuliko jirani zake. Mgahawani bili inapandishwa kodi asilimia 13 na huduma asilimia 10, someni menyu vizuri kama vimeshajumlishwa. Mahali pa kula ni soda. Soda si kinywaji, ni mama ntilie wao. Agiza casado: wali, maharage, ndizi mbivu ya kukaanga, saladi na kipande cha nyama au samaki. Mboga na matunda nunueni kwenye feria, soko la wakulima la mwisho wa wiki, kila mji una lake.

Mtasikia kila mtu anasema "hágame un Sinpe". Hiyo ni Sinpe Móvil, ya Benki Kuu yao, ilianza 2015. Ni M-Pesa? Nusu yake. Unatuma kwa namba ya simu, na muuza nanasi barabarani anapokea. Ila wakala wa kumpa noti hayupo, nyuma ya ile namba lazima iwepo akaunti ya benki, na nyuma ya akaunti kwa kawaida inatakiwa DIMEX. Mwezi wa kwanza na wa pili ishi kwa noti na kadi ya kwenu.

Umeme wao ni volti 120, plagi za bapa kama za Marekani. Pasi na jagi la umeme la huku viacheni. Magari yanapita kulia: wewe uliyezoea kutazama kulia kwanza ukivuka, geuza shingo, tena hili nalisema kwa herufi kubwa. Teksi halali ni nyekundu yenye pembetatu ya njano mlangoni, na mita yake inaitwa la maría. Mwambie dereva "ponga la maría, por favor" kabla gari halijaondoka. Simu usiishike mkononi katikati ya San José, na usiku maeneo ya stendi pitia kwa teksi. Zile nondo za madirishani wameziweka kwa sababu.

Hali ya hewa: ukisikia "invierno", msimu wa baridi, usitafute koti zito. Ni masika yao, Mei mpaka Novemba. "Verano" ni kiangazi, Desemba mpaka Aprili. San José iko juu ya mita 1,100, jioni utataka sweta. Guácimo ni tambarare za Karibi, kule mvua haina kalenda. Buti za mpira ndizo viatu vyenu vya shule, na zinafaa kwa sababu nyingine pia: kuna nyoka anaitwa terciopelo, rangi ya majani makavu, ndiye anayeuma watu wengi. Usipeleke mkono pasipoonekana. Lakini mjue mnakwenda kwa mabingwa. Taasisi ya Clodomiro Picado ya Chuo Kikuu cha Costa Rica inatengeneza dawa ya sumu ya nyoka, na ipo waliyoitengeneza mahususi kwa nyoka wa Afrika, inatumika Nigeria. Hospitali za umma ni za mfuko wa bima ya jamii, wenyewe wanauita la Caja, tangu 1941. Mwenye ukaazi lazima ajiunge. Wanatibu vizuri, foleni za wataalamu ni ndefu mno. Matetemeko yapo, ya kutikisa vikombe tu utayazoea. Limón, mji wa bandari pwani ya Karibi, ulitikiswa vibaya Aprili 1991, kwa hiyo mkiambiwa tokeni nje, tokeni.

Nimetaja Limón, na hapa mnisamehe nikae kidogo.

Mwezi wangu wa tatu nilikuwa sili. Gallo pinto asubuhi, wali na maharage yaliyokaangwa pamoja kwa kitunguu na pilipili hoho, ni chakula kizuri, lakini mtu wa Tanga hawezi kula wali mkavu siku tisini. Rafiki mmoja akanipeleka Limón, bandarini, Jumapili. Kabla sijakaa nikasikia harufu ya tui. Nikafikiri ni homa. Mama mmoja mweusi, kilemba kichwani, alikuwa anakuna nazi kwenye kibao cha bati lililotobolewa, anakamua kwa mkono kwenye sufuria ya maharage mekundu, anatupia majani ya kiungo kiitwacho thyme na pilipili nzima isiyopasuliwa, ndipo wali. Pembeni shelisheli ya kukaanga. Wanakiita kwa Kiingereza, "rice and beans", hata wakiwa wanaongea Kihispania. Nilikula sahani tatu. Kwenye ya pili mama akaniuliza kwa Kiingereza chao cha Limón, kile cha Kijamaika, wewe mtoto wa nani?

Watu hao babu zao waliletwa kutoka Jamaika kuanzia miaka ya 1870 kujenga reli ya kutoka pwani kwenda San José, kisha wakalima migomba. Marcus Garvey, Mjamaika aliyepigania umoja wa watu weusi duniani, alifanya kazi hapo akiwa kijana, na chama chake kiliacha jengo mjini, la 1922, lililoteketea kwa moto 2016. Watoto waliozaliwa Limón walikaa muda mrefu bila uraia kamili, mlango ulifunguka mwishoni mwa miaka ya 1940. Mwaka 2018 mwanamke mweusi, Epsy Campbell Barr, akawa Makamu wa Rais. Tarehe 31 Agosti ni siku yao, mji mzima unatoka barabarani na ngoma. Kutoka Guácimo ni safari fupi ya basi. Nendeni mapema, msingoje mwezi wa tatu kama mimi.

Mjomba pale mbele amenitumia kikaratasi, anauliza kiwanja cha ufukweni. Mjomba, mita 50 za kwanza kutoka maji yanapofika ni za umma, haziuzwi. Mita 150 zinazofuata ni za kukodishwa na manispaa, na mgeni anatakiwa awe amekaa kihalali miaka mitano. Anayekuuzia kwa picha ya WhatsApp anakuuzia bahari.

Nimalizie na saa, dakika zangu zinakwisha. Wiki ya pili mwalimu alitutangazia ziara ya shamba "a las siete". Siete ni saba. Nikaandika kwenye daftari, hili hapa, "saa saba", kwa Kiswahili, nikalala kwa amani. Saa saba mchana nimesimama stendi ya chuo na buti zangu, kofia, chupa ya maji. Basi lilikuwa limeondoka saa moja asubuhi na limekwisha kurudi. Kwa hiyo saa zote ziandikeni kwa Kihispania mpaka mzoee.

Na wazazi, kule ni saa tisa nyuma yetu. Mtoto akimaliza chakula cha jioni, moyo ukamsumbua, akapiga saa moja usiku ya kwake, huku ni saa kumi alfajiri, na simu ya saa kumi alfajiri inaua wazee. Mama yangu aliitupa ukutani mara ya kwanza. Tulikubaliana hivi: napiga mimi nikiamka, saa kumi na mbili asubuhi kabla ya kwenda shamba. Huku ni saa tisa alasiri, ameshaosha vyombo, yuko barazani. Simu nyingine yoyote, nje ya hiyo, alijua ni dharura. Kwa miaka saba ilikuja mara moja tu, na nilikuwa nimebofya kwa bahati mbaya.

Karibuni maswali. Mama mwenye mtandio wa kijani, uliinua mkono tangu kwenye karatasi, anza wewe.